.cd ni ya wanainchi, lakini ufunguo uko mkononi mwa nani?

Wandugu vijana wa Rugenge, Mulongwe, Kasenga, Kavimvira, Kalundu, na wote mnaotusoma kutoka mbali,

Leo hatuzungumzi barabara, wala maji ya robine, wala courant. Tunazungumza kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu anakiandika kwenye simu yake bila kukiuliza: jina la saiti. Yale maneno mafupi yanayoishia na .com, .org ao .cd. Mafundi wanaliita jina la domeni. Tunajua kuna mtu atasema: «Watu wanalala njaa, nyinyi munaleta mambo ya intaneti?» Tunakuomba usome mpaka mwisho, juu jambo hili lilishatuuma sisi wenyewe.

Namna tulipoteza jina letu

Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Mkaaji yeyote wa Uvira anakumbuka: mawe, matope, nyumba zikabebwa, watu wakafa. Kisha ile mafuriko, vijana wachache wa Rugenge tulifungua saiti ndogo. Tulitia humo picha, majina ya avenue zilizoharibika, ahadi za wakubwa na tarehe ya kila ahadi. Wazo lilikuwa rahisi: mkubwa akikana alichosema, tunamwonyesha ukurasa.

Jina lilitakiwa kulipiwa kwa dola, na kwa karte ya benki. Sisi wote tulikuwa na pesa kwenye simu, lakini hakuna aliyekuwa na karte, na lile duka la nje halikupokea pesa za simu. Tukachanga, tukampa fundi wetu wa kompyuta, naye akamwomba rafiki yake wa Bujumbura alipe. Ikapita. Tulifurahi sana, na hakuna aliyeuliza jina limeandikwa kwa nani.

Lilikuwa limeandikwa kwa fundi. E-mail ya fundi, namba ya simu ya fundi, neno la siri la fundi. Kisha miaka mitatu fundi akaenda kutafuta maisha, ile e-mail akaiacha. Barua za kutukumbusha kulipa zikawa zinaingia kwenye nyumba isiyo na mtu. Siku moja dada mmoja wa kikundi akatupigia: «Mufungue saiti yetu, mutazame mambo iko pale.» Tukafungua. Tukakuta matangazo ya kubeti mipira. Mtu tusiyemjua alikuwa amelichukua jina, na kwa kuliachilia aliomba mamia ya dola.

Picha nyingi zilibaki kwenye simu zetu, kwa hiyo kazi haikupotea yote. Lakini ile anwani tulikuwa tumeiandika kwenye barua tuliyopeleka kwa wakubwa, kwenye karatasi tulizobandika kando ya soko, kwenye ripoti walizobeba waandishi wa habari. Mpaka leo anayeifuata anaingia kwenye kamari. Hatumlaumu fundi, yeye alitusaidia. Tunajilaumu sisi, juu tulilinda maneno yetu na tukasahau kulinda mlango.

Jina halinunuliwi, linapangwa

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufikiri tumenunua. Jina la domeni linapangwa, sawa na nyumba. Unalipa mwaka mmoja, ao miwili, ao hata kumi, na siku zikiisha unalipa tena. Kwa .com mambo yako hivi: mwaka ukiisha, muuzaji anaweza kukuachia mpaka siku 45 ulipe kwa kuchelewa. Likifutwa kwake, kuna siku 30 za kulikomboa, na hapo bei inapanda sana. Kisha siku 5 za mwisho, halafu mlango unafunguka kwa kila mtu duniani. Kuna watu kazi yao ni kuvizia saa hiyo na programu zao. Njo vile letu lilienda.

Kosa la pili lilikuwa kutojua nani anasimama kati yetu na jina letu. Wako wanne. Wa kwanza ni yule ambaye jina limeandikwa kwake. Kwetu alikuwa fundi. Wa pili ni muuzaji, lile duka unalolipa. Wa tatu ni mwenye daftari, yule anayeshika orodha ya majina yote ya .com, ao ya .cd. Wa nne ni ICANN, shirika lililo California, ambalo linaamua nani duniani apewe daftari gani. Kila mmoja wa wale watatu wa kwanza anaweza kuzima jina lako: kwa uzembe, kwa deni, kwa amri ya korti ao kwa amri ya mkubwa. Kwa hiyo mtu akikuuliza «saiti ni yenu?», jibu la kweli linategemea hawa wanne wanakutazama namna gani.

Daftari la kwetu limetembea

Sasa tufike kwa .cd. Zamani, wakati inchi iliitwa Zaïre, herufi zetu zilikuwa .zr. Mwezi wa Mei 1997 jina la inchi likabadilika, na mwaka uleule .cd ikaandikwa katika daftari la dunia. .zr yenyewe ilifutwa mwaka 2001. Lakini kwa miaka mingi .cd haikushikwa Kinshasa. Ilishikwa na kampuni ndogo ya Uswisi, Interpoint, ambayo ilishika pia .rw ya jirani zetu wa Rwanda. Wageni wengine walipenda .cd kwa sababu ilifanana na diski za muziki. Sisi wenye inchi, wengi wetu hatukujua hata kama ipo.

Mwaka 2011 ICANN ilikubali daftari lirudi nyumbani, likapewa OCPT, ile posta ya serikali, ambayo baadaye ikaitwa SCPT. Rwanda nao walipata yao mwaka uliofuata, ikaenda kwa RICTA. Kwetu wengi walisema: sasa tuko huru. Kurudisha daftari ilikuwa haki, sisi hatupingi. Lakini kitu kurudi nyumbani ni jambo moja, na nyumba kukitunza ni jambo lingine.

Sikilizeni yaliyotokea mwisho wa mwaka 2020. Ili .cd ifanye kazi, kuna seva zinazojibu dunia nzima: «jina hili liko pale». Baadhi ya seva hizo zilikuwa zinaitwa kwa jina scpt-network.com. Lile jina lenyewe lilitakiwa kulipiwa kila mwaka, kama letu la Rugenge. Halikulipwa. Likaisha, likafutwa, mlango ukafunguka. Mtafiti mmoja wa Sweden, Fredrik Almroth wa kampuni Detectify, alikuwa anaangalia mambo hayo. Aliona hatari, akalinunua yeye mwenyewe mwezi wa Desemba 2020 ili wezi wasilitangulie, kisha akawajulisha wahusika. Mwezi wa Januari 2021 akaeleza mambo yote hadharani.

Fikirieni vizuri maana yake. Mwizi angelilipata, angeweza kukamata karibu nusu ya safari zote zinazoelekea saiti za .cd: wizara, benki, vyuo vikuu, magazeti. Unaandika jina la benki yako, anakupeleka kwake. Unatuma e-mail kwa ofisi ya serikali, anaisoma yeye kwanza. Inchi ya watu karibu milioni 90 iliokolewa na kijana wa Sweden aliyekuwa macho. Bei ya lile jina kwa mwaka haifiki hata bei ya gunia la makala.

Sisi wa Rugenge tulipoteza jina kwa sababu barua za kukumbusha zilienda kwa mtu ambaye hayupo. Serikali nayo iliteleza kwenye tope lilelile. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa vijana kumi, wao walikuwa wanashika mlango wa inchi nzima.

Tukimbilie .com?

Wengine katika mouvement wanasema: «Basi tuachane na .cd, tuchukue .com, kule leta haitatufikia.» Tunaelewa hofu yao. Hakuna aliyesahau tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, wakati serikali iliagiza makampuni yakate intaneti, na tukakaa siku karibu 20 gizani. Mbele ya hapo walikata Januari 2015, wakakata Desemba 2017. Ni haki kuogopa daftari lililo mikononi mwa watu walewale.

Lakini .com nayo iko na bwana wake. Daftari lake linashikwa na Verisign, kampuni ya Marekani, na korti ya Marekani ikiamuru, jina linazimwa. Mwezi wa Juni 2021 serikali ya Marekani ilikamata saiti 33 zilizohusishwa na serikali ya Iran, pamoja na presstv.com. Siku hizohizo Press TV ikaendelea kwenye presstv.ir, juu .ir inashikwa Iran. Hatusemi Press TV ni marafiki wetu. Tunasema tu: kila daftari liko chini ya sheria ya mahali fulani. Anayekuambia kuna mahali pasipo na bwana, anakuuzia hewa.

Na upande wa pili, msifikiri herufi za nyumbani zinakuwa salama kwa sababu ni za nyumbani. Tuvuke ziwa, tutazame Tanzania. Desemba 2016 walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, pale watu walipokuwa wanafichua rushwa. Moja ya mashitaka ilikuwa kuendesha domeni ambayo haikuandikishwa Tanzania, maana yake saiti yake iliishia na .com, si .tz. Herufi tatu za mwisho zikawa kosa la jinai. Kesi zake zilikokotwa kortini kwa miaka. Pale utaona: kiongozi akikulazimisha uingie katika daftari lake, mara nyingi hatafuti kukupa heshima ya bendera. Anatafuta awe na mahali pa kukushikia.

Kwa hiyo sisi tunasema wazi: leo, kwa hali ilivyo, mouvement ya raia isitie mayai yote katika .cd. Na palepale tunasema: kuikimbia .cd na kunyamaza ni sawa na kuwaachia kiwanja cha baba yako kwa sababu mpima ardhi ni mwizi. Kiwanja kinabaki cha baba yako. Unadai mpima mwingine.

Bei nayo ni kufuli

Kuna udhibiti wa amri na kuna udhibiti wa bei. Mwezi wa Septemba 2024 Verisign ilianza kuwauzia wauzaji jina moja la .com kwa dola 10 na senti 26 kwa mwaka, na bei hiyo imeandikwa hadharani, kila mtu anaijua. Ya .cd, kwa wauzaji wa nje, mara nyingi ni juu kuliko hiyo, na inabadilika kutoka duka moja kwenda lingine. Mama anayeuza ndagala Kalundu na anataka watu wa Bukavu wamuone, mwanafunzi wa ISP anayetaka kuonyesha kazi zake, kikundi cha vijana kama chetu, wote wanakutana na ukuta uleule: dola, karte ya benki, na bei ambayo huijui mpaka umefika mwisho wa ukurasa. Njo maana wengi tunabaki kwenye Facebook na WhatsApp. Kule ni bure, lakini siku ukurasa wako ukifungwa, hauna hata mahali pa kwenda kulia.

Na msidanganywe kwamba hizi herufi mbili ni kitu cha bure kisicho na faida. Kisiwa kidogo cha Anguilla, chenye watu kama 15,000, kilipata bahati ya kuwa na .ai, na mwaka 2023 kiliingiza karibu dola milioni 32 kutokana na majina hayo. Sisi hatuna bahati ile, na hatuombi .cd iwe mgodi mwingine. Kinyume chake. Kongo tunajua vizuri nini kinatokea wakati mali ya wote inashikwa na wachache bila hesabu. Tunaomba tu iwe mali ya umma: hesabu zake zionekane, na bei yake iweze kufikiwa na kijana wa Uvira.

Jirani wameonyesha kwamba inawezekana. Kenya walijenga KeNIC, ambamo serikali na makampuni ya intaneti wanaketi kwenye meza moja, na majina ya .ke yamepita 100,000. Si watu wa mbinguni, ni watu kama sisi.

Kupiga kelele kunasaidia

Kuna mtu atasema: mambo haya yako juu sana, yanaamuliwa mbali, kijana wa Rugenge atafanya nini? Tunamjibu na mifano miwili.

Wa kwanza ni wa hapa. Mnakumbuka RAM? Kila mwenye simu ya 3G ao 4G alikatwa dola 7 kwa mwaka, mwenye simu ndogo dola 1, tunakatwa megas na unités bila hata kuulizwa. Watu walikataa, vijana wakatoka, wabunge wakaulizwa, na mwanzoni mwa 2022 RAM ikaondolewa.

Wa pili ni wa dunia. Mwezi wa Novemba 2019 wenye daftari la .org, herufi ambazo mashirika ya raia wanatumia kila mahali, walitangaza kuliuza kwa kampuni ya wenye mitaji, Ethos Capital, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Mashirika yakasimama, yakaandika barua, wengine wakaenda mbele ya ofisi za ICANN na mabango. Tarehe 30 Aprili 2020 ICANN ikakataa. Daftari la .org halikuuzwa. Waliosimama hawakuwa na bunduki wala mabilioni. Walikuwa wanajua tu nani anashika ufunguo, na wakaenda kugonga mlango ule ule.

Tunayodai

Kwa SCPT, kwa ARPTC na kwa wizara inayohusika na mambo ya nimeriki, tunadai mambo manne.

Kwanza, bei ya .cd iandikwe hadharani, katika franka na dola, na iwe ileile Kinshasa, Uvira na Goma. Kijana aweze kuilipa kwa pesa za simu, na vikundi vya raia na shule wawe na bei ndogo.

Pili, kanuni ziandikwe kwa lugha tunayoelewa: nani anaweza kuzima jina, kwa sababu gani, kwa muda gani. Jina lisizimwe kwa simu ya mkubwa. Lizimwe kwa uamuzi wa tribinali tu, na mwenye jina awe na haki ya kujitetea.

Tatu, wanaoshika daftari wasiwe watu wa serikali peke yao. Wauzaji, vyuo vikuu, waandishi wa habari na vijana wa majimbo wawe na kiti.

Nne, tupewe maelezo ya wazi juu ya yaliyotokea Desemba 2020: nani alisahau, na nini kimebadilika ili isirudi tena.

Na tunayojidai sisi wenyewe

Hatuwezi kudai nidhamu Kinshasa na hatuna nidhamu Rugenge. Kuanzia leo, kila kikundi chetu chenye saiti kifanye hivi. Jina liandikwe kwa kikundi, lisiandikwe kwa mtu mmoja, hata kama ni ndugu wa damu. E-mail ya kulipia iwe ya kikundi, na watu watatu wajue neno la siri. Tarehe ya kulipa iandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe za mikutano, na pesa ya jina ichangwe miezi mitatu mbele. Kama mnaweza, lipeni miaka mingi mara moja. Shikeni jina lilelile mara mbili: moja la nje, la .org ao .com, na moja la .cd, ili mlango mmoja ukifungwa mwingine uwe wazi. Na nakala ya kila picha na kila ukurasa ilale mahali pawili, moja mbali na Uvira, juu mto Mulongwe hautoi taarifa mbele ya kuja.

Fundi mwenye kujua mambo haya asifiche ujuzi wake. Aketi na wadogo zake jioni moja, awaonyeshe. Sisi wa Rugenge tuko tayari kuja kwenye kartie yenu na kueleza kosa letu, bila haya, ili lisiwe lenu.

Jina letu la kwanza limeenda, na pesa ya kulikomboa hatuna. Tumechukua lingine. Safari hii limeandikwa kwa kikundi, na mwenye kushika kasha ameshawekeza tarehe ya kulipa kwenye ukuta wa chumba tunachokutania, kwa wino mwekundu. Anayepita anaiona. Tunataka siku moja .cd nayo iwe hivyo: tarehe yake, bei yake na wenye kuishika, vyote vibandikwe ukutani, mahali kila mwanainchi anapita.

Vijana raia wa Rugenge, Uvira